Kujizuia kung'ata: mtoto wa mbwa anavyojifunza kupima nguvu ya meno yake

Mtoto wa mbwa anayeng'ata mikono, vidole vya miguu na pindo la kanga wakati wa kucheza si mkorofi wala hajaharibika. Kinywa ndicho anachoshikia, anachochunguzia na anachochezea. Tukimtaka aache ghafla, tunamnyima nafasi ya kujifunza jambo atakalolihitaji maisha yake yote, yaani kujizuia kung'ata.

Kujizuia kung'ata ni uwezo wa mbwa kupima nguvu ya taya zake, hata akafunga kinywa juu ya ngozi ya mtu bila kuitoboa. Si sawa na kutong'ata kabisa. Kuna nguvu ya meno, na kuna mara ngapi meno hayo yanagusa watu. Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia za wanyama aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Marekani, amefundisha kwa miaka mingi kwamba nguvu ishughulikiwe kwanza, na kuacha kabisa kuje baadaye. Nakubaliana naye. Mbwa mpole kuliko wote, akikanyagwa mkia au akishtuliwa usingizini, anaweza kugeuka na kung'ata kabla hajajua ni nani. Sekunde ile hakuna amri atakayoisikia. Aliyezoea tangu utotoni kulegeza taya ataacha mate na pengine mkwaruzo. Ambaye hakuzoea atatoboa nyama. Dunbar huyohuyo aliyapanga mashambulizi ya mbwa katika ngazi 6 kwa kuangalia jeraha, kuanzia pale meno yasipogusa ngozi hadi kifo, kwa sababu kina cha jeraha ndicho kinachoonyesha hatari ya mbwa kuliko ukali wa sauti yake.

Somo hili huanza kabla mtoto hajafika kwako. Meno ya utoto, ambayo ni 28, huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, nayo huwa membamba na makali mno, ilhali taya bado ni dhaifu. Mpangilio huo una faida kubwa: akibana kidogo tu, mwenzake anaumia kweli, analia na kususa mchezo, lakini hakuna anayevunjika mfupa. Mama naye aking'atwa chuchu wakati wa kunyonyesha husimama na kuondoka. Mtoto anaona kwamba meno yakizidi, raha inakatika. Kwa hiyo kumchukua akiwa na wiki nne au tano, jambo linalofanyika sana mitaani kwetu kwa sababu tu ameanza kula uji, ni kumtoa shuleni mapema. Asubiriwe atimize angalau wiki nane.

Akishafika nyumbani, wewe ndiye unayeshika nafasi ya ndugu zake. Cheza naye. Meno yakigusa taratibu, endelea. Yakiuma, acha mkono utulie palepale, sema neno moja fupi kama "basi", kisha simama na umpe mgongo kwa sekunde kumi hadi ishirini. Usiuchomoe mkono kwa kasi, maana kitu kinachokimbia kinamwita akifuate. Akitulia, rudi mchezoni. Wapo wanaoshauri ulie kwa sauti kama mtoto mwenzake. Kwa baadhi ya mbwa husaidia, lakini wengine sauti hiyo huwapandisha mzuka wakang'ata zaidi, basi mwangalie wako anavyoitikia. Siku zinavyosonga, punguza unachokivumilia: kwanza kataa meno yanayouma, halafu yanayobana, mwishoni hata yale yanayogusa tu. Sambamba na hayo, mpe cha halali cha kutafuna, kama kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa au karoti nzima ya baridi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Nyumba nzima ifuate utaratibu mmoja. Baba akimchezesha kwa mkono mtupu huku mama akimkemea kwa kosa hilohilo, mtoto haelewi lolote. Watoto wafundishwe kusimama wima na kukunja mikono badala ya kukimbia na kupiga kelele, na wadogo wasiachwe naye peke yao. Tena, mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku. Anapong'ata kama amerukwa na akili jioni, mara nyingi amechoka, anahitaji mahali patulivu pa kulala.

Kumpiga kofi la pua au kumbana mdomo kunamfundisha kuuogopa mkono, na mbwa anayeogopa mkono ndiye atakayekuja kuung'ata. Ipo pia imani kwamba mbwa wa ulinzi lazima achokozwe utotoni ili awe mkali, na kwamba kumfundisha kulegeza taya ni kumharibu. Imani hiyo inaumiza watu. Mbwa hubweka na kulinda kwa kuwa anaijua nyumba yake. Asiyejua kipimo cha meno yake humrarua mgeni aliyealikwa na mtoto wa jirani sawasawa na mwizi.

Muda wa kumfundisha si mrefu. Kuanzia karibu mwezi wa nne meno ya utoto hung'oka, na kufikia mwezi wa sita au wa saba mbwa huwa na meno 42 ya kudumu na taya zenye nguvu. Fizi zinapowasha katika kipindi hicho atatafuna kuliko awali, jambo la kawaida. Kunguruma katikati ya mchezo nako ni kawaida, mradi mwili umelegea na anainamisha kifua huku makalio yakiwa juu. Akikakamaa, akakodoa macho au akalinda bakuli kwa meno, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Meno yakitoboa ngozi, hata ya mbwa mdogo kabisa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na chanjo yake kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu.