Tuzo ya uandishi wa habari za sayansi si tuzo ya sayansi

Tuzo ya uandishi wa habari za sayansi hupewa mwandishi au mtayarishaji wa vipindi kwa kazi bora kuhusu sayansi, iwe ya gazetini, jaridani, redioni, kwenye video au ya watoto. Hapewi aliyegundua kitu. Wala hapewi aliyeisifia sayansi kuliko wenzake. Haya mawili huchanganywa kila msimu wa tuzo, na yanastahili kutenganishwa.

Mkanganyiko wa kwanza unaletwa na jina la Kavli. Fred Kavli alizaliwa Norway, akatajirikia Marekani, na mfuko aliouanzisha umelipeleka jina lake kwenye tuzo mbili. Tuzo ya Kavli yenyewe ni ya watafiti wa elimu ya anga, nanosayansi (sayansi ya vitu vidogo mno) na sayansi ya ubongo. Ilianza kutolewa mwaka 2008, hutolewa kila baada ya miaka miwili, na kila fani ina dola milioni 1. Nyingine ni ya waandishi wa habari, nayo husimamiwa na AAAS, chama cha wanasayansi cha Marekani kinachochapisha jarida la Science. Hii ya waandishi ndiyo kongwe: ilianzishwa mwaka 1945 ikifadhiliwa na Westinghouse, kampuni ya vifaa vya umeme ya Marekani, na mfuko wa Kavli ukaja kuibeba mwaka 2009. Tangu 2015 iko wazi kwa waandishi wa dunia nzima. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani "ameshinda Kavli", uliza kwanza kama alikuwa maabara au chumba cha habari.

Mkanganyiko wa pili ni mzito zaidi. Watu wengi, hata wahariri, hudhani kuandika habari za sayansi ni kuwasaidia wanasayansi wasikike. Kuna kazi ya namna hiyo, ni ya heshima, na ina tuzo yake. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, hutoa Tuzo ya Kalinga kwa wanaoeneza sayansi kwa umma. Wa kwanza kuipata, mwaka 1952, alikuwa Louis de Broglie, mwanafizikia ambaye tayari alikuwa na Nobel. Mtafiti anayeeleza fani yake vizuri, afisa uhusiano wa chuo kikuu, mhamasishaji wa chanjo kijijini, wote wanaeneza sayansi. Mwandishi wa habari ana wajibu mwingine. Akiletewa utafiti, anauliza nani ameulipia, ulipimwa kwa watu wangapi au ni kwa panya tu, na mtaalamu asiyehusika nao anasemaje. Akikuta dosari anaiandika, hata kama mtafiti ni rafiki yake.

Ndiyo maana mfadhili wa tuzo za AAAS hachagui mshindi. Anayechagua ni jopo huru la waandishi wa habari za sayansi. Wanapima juhudi na upya wa kazi, usahihi wa kisayansi, uwazi wa maelezo, na jinsi inavyomsaidia mwananchi kuielewa sayansi na athari zake. Sifa kwa sayansi haimo katika vigezo hivyo. Usahihi umo, na ni jambo tofauti kabisa.

Kuhusu kugawa tuzo kwa aina ya chombo, sababu ni haki tu. Kipindi cha redio hakina mchoro, kwa hiyo mtayarishaji lazima aijenge picha kwa sauti. Gazeti la mji mdogo halina fedha za gazeti la taifa, na kwa miaka mingi AAAS iliyapa magazeti madogo kundi lao. Habari ya watoto nayo ina ugumu wake: kurahisisha bila kupotosha.

Hapa kwetu, wanaowasilisha kazi kwenye EJAT, tuzo zinazoratibiwa na Baraza la Habari Tanzania, wanajua kwamba kazi hupita mbele ya majaji. Taasisi inayowazawadia waandishi walioitangaza vyema mbegu yake au dawa yake haikosei kufanya hivyo, ila tunaomba iiite tuzo ya uhamasishaji. Na mhariri anayempongeza mshindi wa tuzo ya uandishi amwite mwandishi wa habari za sayansi, si mwanasayansi, maana hilo ndilo jina la kazi iliyompa tuzo.