Korongo kavu si mto uliokufa

Wengi huamini kwamba mto una njia moja ya kudumu, na korongo likikauka miaka mingi, mto umekufa. Basi hudhani hapo panafaa kujengwa. Si ajabu: ni wangapi wamewahi kuuona mto ukihama?

Tazama mji wa Mto wa Mbu, Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Ziwa Manyara. Maji hushuka mteremko mkali yamebeba mawe, mchanga na tope. Yakifika tambarare kasi hupungua, yanatua mzigo: mawe kwanza, kisha mchanga, tope mbali zaidi. Mkondo hujijaza wenyewe hadi ukawa juu kuliko ardhi ya kando, na mvua kubwa ikija maji huchepuka. Kwa maelfu ya miaka, udongo umetandazwa mfano wa kipepeo cha kupepea jiko la mkaa. (Migomba ya pale inaushukuru.)

Kwako je? Ukichimba shimo la choo ukakuta kokoto laini za mviringo zimelala tabaka kwa tabaka, yaelekea mto ulishapita hapo. Picha ya setilaiti kwenye simu nayo huonyesha makovu ya mikondo ya zamani, na wazee hukumbuka mafuriko yalikopita.