Je, wajua? Tsunami ikianzia Sumatra, ni nani huiambia Mombasa?

Waulize watu waliojaa ufukwe wa Pirates siku ya Jumapili, watoto wakielea juu ya tyubu za magari na muuza viazi karai akiwa amezungukwa na wateja: ni nani atakayewaambia kwamba tsunami inakuja? Utapata majibu mawili. Wako watakaosema watahisi ardhi ikitikisika. Na wako watakaosema Umoja wa Mataifa una mitambo yake, king'ora kitalia. Majibu haya yameenea sana, na yote mawili si sahihi. La kwanza linaweza kuua, kwa hivyo tuanze nalo.

Tetemeko la 26 Desemba 2004 lilitokea chini ya bahari, kaskazini mwa Sumatra nchini Indonesia. Ukubwa wake ulikuwa 9.1, na kwa saa zetu ilikuwa saa kumi alfajiri kasoro dakika mbili. Mombasa iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapo. Mtikisiko wenyewe ulipita ndani ya miamba ya dunia ukafika Kenya kwa dakika kumi hivi, ila ulikuwa umeshafifia. Mashine ziliunasa, binadamu hawakuuhisi. Watu wa Likoni, Tudor na Mji wa Kale waliendelea na usingizi wao. Maji nayo yalichukua kama saa tisa, yakafika mwambao wetu saa saba mchana hivi, jua likiwa kali na fukwe zikiwa zimejaa watu wa sikukuu.

Ile kanuni ya kukimbilia juu mara uhisipo tetemeko ni ya watu wa Banda Aceh, mji ulioko ncha ya kaskazini ya Sumatra, ambako maji yalifika chini ya nusu saa baada ya ardhi kutikisika. Ni kanuni nzuri. Lakini hatari inayotoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi haitikisi sahani kwenye kabati la mtu wa Mombasa. Anayesubiri kutikiswa atasubiri mpaka maji yamfikie.

Wako pia wanaoitegemea bahari yenyewe: maji yatakauka kwanza, basi tutaona. Mara nyingine huwa hivyo, mara nyingine hayakauki kabisa, kwa kutegemea kama kinachotangulia kufika ni bonde la wimbi au mgongo wake. Na hapa kwetu kuna ugumu zaidi, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa sana, tumezoea kuona maji yakipwa hadi mwamba ukabaki wazi. Tofauti iko kwenye muda. Kupwa kwa kawaida huchukua saa sita hivi. Bahari ikipwa kwa dakika chache, si bamvua hiyo, ondoka.

Kwa nini saa tisa? Wimbi la upepo, hata la kusi kali, hucheza juu juu. Ukizama chini ya kutosha maji yametulia. Tsunami husukuma maji yote, tangu juu hadi sakafu ya bahari, kwa hivyo mwendo wake huamuliwa na kina. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, ambacho ni kiwango cha mvutano wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwenye kina cha mita 4,000, ambacho ni cha kawaida katikati ya Bahari ya Hindi, unapata mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Kwenye kina cha mita 10 unapata kilomita 36 tu kwa saa. Gawanya zile kilomita 6,000 na ushee kwa 700, na jibu ni karibu saa tisa. Mwenye ramani ya kina cha bahari anaweza kuijua saa ya maji kufika Mombasa hata kabla hajawa na hakika kwamba tsunami ipo. Hilo kwangu ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika habari hii.

Kimo cha wimbi ni mambo mengine. Saa mbili hivi baada ya tetemeko la 2004, setilaiti iliyopita juu ya bahari kuu ilipima mwinuko wa sentimita 60 tu. Nahodha aliye huko hajui kama kimempita kitu, kwa sababu mwinuko huo umetandazwa kwenye kilomita 200 hivi. Unageukaje kuwa maangamizi?

Fikiria abiria wa feri ya Likoni. Lango likifunguliwa, watu hushuka ule mteremko kwa haraka, wametawanyika, kila mmoja ana nafasi yake. Wa mbele wakifika mdomoni mwa feri hupunguza mwendo, maana pale ni pembamba. Wa nyuma hawajui hilo, bado wanakuja kwa mwendo wa mwanzo. Hakuna mtu aliyeongezeka, lakini kundi lililokuwa limetanda mteremko mzima sasa limebanana mahali padogo. Tsunami ikitoka bahari kuu kuja mwambao hupatwa na jambo lilo hilo. Mbele yake iko kwenye kina kifupi, inajikokota. Nyuma yake bado iko kwenye kina kirefu, inakimbia. Wimbi la kilomita 200 linabanwa hadi kilomita kumi na kitu. Abiria wakibanana hawana pa kwenda, lakini maji yana pa kwenda: juu. Na kama vile watu wa feri hawaishi mara wale wa mbele wanapoingia, tsunami nayo haivunjiki na kurudi kama wimbi la kawaida. Huendelea kuingia kwa dakika kadhaa, ikatoka, kisha likaja jingine.

Kwa kanuni ya jumla, wimbi likitoka kina cha mita 4,000 hadi mita 10 huinuka mara nne na nusu hivi, kwa hivyo sentimita 60 zinakuwa karibu mita mbili na nusu au tatu. Kuanzia hapo hesabu hulegea. Umbo la ghuba, milango ya mwamba na kujaa kwa maji saa hiyo vyote hubadilisha jibu. Ndiyo maana taarifa ya tsunami huwa na uhakika mkubwa kuhusu saa ya kufika na uhakika mdogo kuhusu kimo. Na ndiyo maana mvuvi aliye nje kwenye kina kirefu hushauriwa abaki huko huko, asikimbilie nchi kavu.

Sasa lile jibu la king'ora. Mwaka 2004 kituo cha tahadhari cha Pasifiki kilichoko Hawaii, kilichoanzishwa 1949, kililinasa tetemeko la Sumatra na kutoa taarifa ndani ya dakika kumi na tano hivi. Kwanza walikadiria ukubwa kuwa 8.0, chini mno ya ukweli. Lakini shida kubwa haikuwa hiyo. Taarifa yao ilikwenda kwa nchi za Pasifiki, ambazo zilikuwa na mfumo wao tangu 1965, ikisema Pasifiki haina hatari. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo. Hakukuwa na orodha ya maafisa wa kupigiwa simu. Sri Lanka na India, ambako maji yalichukua kama saa mbili kufika, walikufa maelfu kwa maelfu. Jumla ya waliokufa katika nchi zote ilifika watu 230,000 hivi. Mashine zilisikia, lakini nchi zilikuwa hazijapatana nani amwambie nani, na hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Mapatano yalifanywa Juni 2005, chini ya tume ya bahari ya UNESCO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa. Hawaii na Japani walishika kazi kwa muda. Tangu Oktoba 2011 vituo vitatu vya nchi za bahari yetu wenyewe vilianza kutoa huduma: vya Australia, India na Indonesia.

Hapo ndipo watu wengi huhitimisha kwamba basi UNESCO ndiyo inayotoa amri. Haitoi. Hata vile vituo vitatu havitoi. Kila kimoja hufanya hesabu zake peke yake na kuzituma kwa nchi zote wanachama: maji yatafika saa ngapi, sehemu gani ya pwani, na kama mwinuko unatarajiwa kuvuka nusu mita, kiwango ambacho juu yake sehemu hiyo huhesabiwa kuwa hatarini. Majibu ya vituo hivyo yanaweza kutofautiana, na mfumo umepangwa makusudi hivyo, ili kimoja kikikosea au kikizimika vingine vibaki. Lakini neno "ondokeni" halimo katika taarifa zao. Neno hilo ni la serikali ya kila nchi. Kwa Kenya anayepokea ni Idara ya Hali ya Hewa huko Nairobi, na kutoka hapo habari ishuke kwa polisi, bandari, kaunti na redio hadi kwa mtu aliye ufukweni.

Wengine huona huo ni udhaifu, kwamba kungekuwa na mkubwa mmoja wa kuamuru bahari nzima. Sikubaliani nao. Afisa aliyeko Hyderabad, kwenye kituo cha India, anajua mwendo wa maji kuliko sisi, lakini hajui barabara ya kutoka Bamburi ina msongamano, wala hajui kwamba leo ni bamvua na maji yatajaa saa kumi jioni. Hilo la mwisho si dogo. Siku ile ya 2004 ilikuwa mwezi mpevu, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hupita mita tatu. Tsunami ilitukuta maji bado hayajajaa. Ingechelewa saa tatu, ingepanda juu ya bahari iliyofurika.

Uhusiano mwingine wa nchi katika kazi hii si rahisi kuukisia. Kilimambogo, karibu na Thika, kuna kituo cha kusikiliza mitetemo ambacho ni sehemu ya mtandao wa mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Kazi yake ni kutega sikio kama kuna taifa limelipua bomu kwa siri. Mkataba wenyewe ulifunguliwa kutiwa saini 1996 na mpaka leo haujaanza kutumika rasmi, kwa sababu mataifa kadhaa yanayohitajika, Marekani na China yakiwemo, hayajauridhia. Lakini mtandao unafanya kazi, na baada ya 2004 data zake zilianza kupelekwa kwa vituo vya tsunami. Mkataba ambao haujakamilika unalinda fukwe ambazo waliouandika hawakuzifikiria.

Mitetemo peke yake haitoshi, na mwaka 2012 ulionyesha hilo. Tarehe 11 Aprili tetemeko la 8.6 lilipiga nje ya Sumatra, na tahadhari ikatolewa kwa Bahari ya Hindi nzima, Kenya ikiwemo, kisha ikafutwa. Mabamba ya dunia yalikuwa yamesuguana kwa ubavu badala ya kuinuana, kwa hivyo maji hayakunyanyuliwa sana. Ili kujua tofauti hiyo mapema unahitaji vifaa vilivyo majini. Viko vinavyokaa sakafuni mwa bahari kuu vikipima uzito wa maji yaliyo juu yake, vinatambua badiliko la sentimita moja, vinatuma sauti kwa boya lililo juu, na boya linatuma kwa setilaiti. Viko pia vipimo vya maji vya bandarini, kama vya Mombasa na Lamu, ambavyo siku za kawaida hurekodi kujaa na kupwa tu.

Je, Kenya iliokoka vipi 2004 bila mfumo huo? Habari za Asia zilikuwa zimeshatangazwa kwenye televisheni tangu asubuhi, na polisi wakawatoa watu fukweni. Alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa wapatao kumi, na makadirio ya Somalia hufika karibu 300. Hatupaswi kuisifu televisheni peke yake. Nguvu kubwa ya wimbi ilielekea kwingine, Hafun kule Somalia ikaumia vibaya, na mwamba wetu wa matumbawe huenda ulisaidia, ingawa mwamba una milango na sehemu nyingine hauko. Kwingineko katika mwambao huu bahati haikuwepo: huko Pangani, Tanzania, watafiti walitangaza mwaka 2020 mabaki ya tsunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, pamoja na mifupa ya watu katika makazi ya wavuvi. Ni eneo moja tu, kwa hivyo halitoshi kusema hatari hii hurudi kila baada ya muda gani. Linatosha kuondoa dhana kwamba hatari hii ni ya Waasia.

Wala si lazima itoke Sumatra. Mwambao wa Makran, kati ya Iran na Pakistani, ulizua tsunami mwaka 1945, na kutoka huko hadi Mombasa ni karibu kilomita 4,000, kwa hivyo muda wa kujiandaa ni mfupi zaidi. Mazoezi ya pamoja ya nchi za Bahari ya Hindi ya Septemba 2016 yaliigiza matetemeko mawili, la Sumatra na la Makran. Katika mazoezi kama hayo hujaribiwa pia taarifa ya kufuta tahadhari, ambayo ni ngumu kuliko ya kuitoa. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote, na bahari inaweza kuendelea kuingia na kutoka kwa saa nyingi. Wa kusema sasa rudini ni yule yule aliyesema ondokeni, na mpaka atakaposema, mtu wa Nyali akae juu hata kama maji anayoyaona yametulia.