Tija ina namba mbili

Robo ya mwaka inapokaribia kuisha, tangazo lilelile hubandikwa ukutani na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini: ili kuongeza tija, wafanyakazi wote watatoka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi tutakutana ofisini. Malalamiko yangu kuhusu Jumamosi niyaache kwanza. Linalonikera ni hiyo "tija" ilivyowekwa hapo, maana tangazo linaahidi kitu kimoja na kuagiza kinyume chake.

Tija ni matokeo yanayopatikana kwa kila kipimo cha kilichotumika kuyapata, iwe ni saa, shilingi, heka au mtu. Chukua kilichotoka, kigawe kwa kilichoingia. Maana ni hiyo tu.

Wapo wanaosema "kikao kilikuwa na tija" wakimaanisha kilikuwa na faida. Hao sina ugomvi nao, ni matumizi ya siku nyingi na kila mtu anaelewa. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaja tija huku wakifikiria uzalishaji, yaani jumla ya kilichotoka bila kuuliza kimegharimu nini. Uzalishaji una namba moja. Tija ina mbili, ya juu ni kilichotoka na ya chini ni kilichoingia, na ile ya chini ndiyo inayosahauliwa kila mara.

Wakulima hawachanganyi mambo haya. Mwenye heka 4 akivuna magunia 40 ya mahindi, na jirani yake mwenye heka moja akavuna 20, kila mtu kijijini anajua nani ana mahindi mengi, na kila mtu anajua nani wa kuulizwa habari za mbegu na mbolea. Ofisini tunampigia makofi mwenye magunia 40 na heka zake hatuziulizi.

Twende kwenye dawati la malipo. Mhasibu akishughulikia hati za malipo 30 kwa saa 8, tija yake ni hati 3.75 kwa saa. Mbakishe mpaka zitimie saa 11, amalize hati 33. Uzalishaji umepanda kwa hati 3 na mkuu wa idara ana furaha. Tija imeshuka hadi hati 3 kwa saa. Ukipima kwa fedha hali ni mbaya zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inataka saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwa hiyo ili tija ya kila shilingi ya mshahara isishuke, saa ile ya jioni, yenye njaa na macho mazito, ingebidi izae mara moja na nusu ya saa ya asubuhi. Mfanyakazi wa namna hiyo sijamwona bado. (Ziko ofisi ambazo hizo saa za ziada hazilipwi kabisa, na hapo ndipo tija huonekana kupanda kwenye makaratasi. Hilo lina jina lake jingine.)

Waingereza walilazimika kulitazama jambo hili wakiwa vitani. Mwaka 1915 iliundwa kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ambako watu, wanawake wengi miongoni mwao, walikuwa wakifanya kazi saa nyingi mno, wengine bila hata Jumapili. Takwimu za wakati ule zilibaki, na mwaka 2014 mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford akazichambua upya. Alikuta kwamba hadi kufikia saa 49 hivi kwa wiki, kazi iliyotoka iliongezeka sawasawa na saa. Kuvuka hapo, kila saa iliyoongezwa ilileta kidogo kuliko iliyotangulia, na wiki ya saa 70 haikutoa kitu cha maana kuizidi wiki ya saa 56. Zile saa 14 zimekwenda wapi? Zipo, zimekaa kwenye namba ya chini. Kama kilichotoka ni kilekile, basi tija ya wa saa 70 ni asilimia 80 tu ya tija ya mwenzake. Na hao walikuwa wakichonga vyuma. Sisi waandika ripoti, ambao tarakimu moja iliyokosewa usiku hutafutwa asubuhi nzima, sioni kwa nini tujione wagumu kuliko wao.

Hata Frederick Taylor, Mmarekani anayekumbukwa kwa kuwasimamia vibarua akiwapima kwa saa, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu anayebeba vipande vya chuma vya ratili 92, kama kilo 42, anapaswa kuwa na mzigo mkononi kwa asilimia 43 tu ya siku. Muda uliobaki awe mikono mitupu. Wanahistoria wamezitilia shaka baadhi ya simulizi za Taylor, na sina haja ya kumtetea. Ila ona kwamba hata yeye hakudai kuwa tani huongezeka kwa kumnyima mtu pumzi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Highland Park, Michigan. Mwaka 1913, kabla ya kiwanda cha Ford kuanzisha mstari unaotembea, kuunganisha chasisi ya gari la Model T kulichukua zaidi ya saa 12 za kazi. Mwaka uliofuata zilitosha dakika 93. Hakuna fundi aliyeota mkono wa tatu. Gari ndilo lililoanza kumfuata fundi, badala ya fundi kulizunguka gari akitafuta vifaa.

Ndiyo maana huwa nasita mtu akiitwa "hana tija" kana kwamba ni tabia yake, kama uvivu au ulevi. Sehemu kubwa ya namba ya chini haimo mikononi mwake: barua inayosubiri saini tatu, printa moja kwa ghorofa nzima, kikao cha kupanga kikao. Kilichomo mikononi mwake ni kidogo, ila si haba. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akirukia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka na kazi ya pili huharibika. Anayejibu ujumbe wa kundi kila simu inapolia anajiongezea saa bila kubaki ofisini jioni. Aifunge ile hati, kisha ndiyo asome ujumbe wote kwa mkupuo.

Namba ya juu nayo ina wizi wake. Fomu nyingi za tathmini nilizopata kuziona huhesabu vikao vilivyofanyika na ripoti zilizoandikwa. Ripoti ambayo hakuna aliyeisoma, hata ikiandikwa kwa nusu saa, imegawa sifuri kwa nusu saa.

Sasa kwa waandika matangazo. Zipo nyakati ambazo kazi lazima iishe hata kama tija itashuka. Juni, hesabu za mwaka wa fedha zinapofungwa, ni mojawapo, na sijaona watu wazima wakigoma wakielezwa hivyo. Andikeni tu "tunaomba saa za ziada hadi tarehe fulani, na malipo yake ni haya".