Mdororo wa uchumi: unavyoingia nyumbani, uwanjani na darasani

Kudorora ni kulegea kwa kitu kilichokuwa na nguvu. Biashara hudorora, na hata kiwango cha mshambuliaji hudorora. Uchumi nao husemwa umedorora pale uzalishaji, mauzo na ajira vinapopungua kwa miezi kadhaa mfululizo. Kipimo kinachotajwa sana ni pato la taifa kushuka kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana, ila si kila nchi inakifuata. Marekani kuna kamati ya wachumi inayotazama ajira, mapato na mauzo kwa pamoja, nayo ilitamka kwamba mdororo ulioanza Desemba 2007 ulikwisha Juni 2009. Lakini ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba mwaka huohuo. Aliyeachishwa kazi mwezi ule ungemwambiaje kwamba mambo yameshatengemaa?

Ndivyo ulivyo mdororo, haubishi hodi kila mlango kwa siku moja.

Nyumbani hufika mapema, pengine kabla mshahara haujaguswa. Ukisikia jirani amepunguzwa kazini, wewe mwenye kazi unaanza kuahirisha. Vinavyoahirishwa kwanza ni vile vya kudumu kama gari, friji na makochi, kwa kuwa cha zamani kinaweza kuvumiliwa mwaka mmoja zaidi. Simu iliyopasuka kioo inabandikwa selotepu, kiatu kinarudi kwa fundi mara ya tatu. Chakula hakiahirishiki. Hicho mtu hushuka tu daraja, akachukua pakiti ndogo au chapa ya bei nafuu. Kwa hiyo kadiri kipato kinavyopungua, ndivyo sehemu yake inayomezwa na chakula inavyokua, jambo ambalo mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alilionyesha mwaka 1857.

Kujibana huko ni busara, na hapo ndipo penye mtego. Ninachotumia mimi ndicho anachopata mwingine. Nyumba zote zikijibana kwa pamoja, muuza makochi anakosa wateja, anamwachisha kazi dereva wake, na dereva naye anasahau habari ya friji mpya.

Kwenye michezo, klabu kubwa hukingwa kwa muda na mikataba ya televisheni na udhamini iliyosainiwa wakati wa neema. Maumivu huja mkataba unapokwisha, au mdhamini mwenyewe anapoyumba. Honda ilijiondoa mbio za magari za Formula One Desemba 2008 magari yake yalipokuwa hayauziki, kisha BMW na Toyota nazo zikatangaza kuondoka mwaka 2009. Hizo zilikuwa habari za magazeti. Michezo ya watoto haina wa kuitangaza. Kuna ada ya usajili, jezi, nauli ya mechi za ugenini, na mzazi asiyeziweza haandiki barua ya kujitoa. Mtoto anaacha tu kuonekana mazoezini.

Shule za umma huchelewa kuguswa, maana bajeti hupangwa mapema kwa kutegemea kodi zilizokwisha kukadiriwa. Za kulipia huumia haraka zaidi. Ada inacheleweshwa, halafu baadhi ya wazazi wanahamishia watoto shule za umma, ambazo zinapokea wanafunzi zaidi wakati fungu lao ndilo linaelekea kupungua. Linapopungua kweli, panga huanzia kwenye muziki, sanaa, maktaba na timu za shule, kwa vile havina mtihani wa mwisho wa kuvitetea. Binafsi naona huo ni uchaguzi mbaya, maana kwa mtoto aliyeacha klabu kwa kukosa ada, timu ya shule ndiyo ilikuwa imebaki.

Hawaii, jimbo la Marekani, mwaka wa masomo 2009–2010 walikwenda mbali zaidi. Walimu wa shule za umma walipangiwa siku 17 za likizo bila malipo, nyingi zikiwa Ijumaa, na watoto wakabaki nyumbani. Mzazi aliyekuwa anabana kila senti akajikuta, Ijumaa asubuhi, anatafuta mtu wa kumlipa amwangalizie mtoto.