Je, wajua kwa nini dirisha la methadoni halikuulizi kadi ya bima?

Familia ikishajua kwamba kijana wao anatumia unga, yaani heroini, swali la kwanza huwa "tumpeleke wapi?" na la pili "bima italipa?" Kwa Mwanza majibu ni mafupi. Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa unga, iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, na dawa yenyewe hutolewa bure, kama ilivyo kwenye kliniki nyingine za umma nchini. Mwenye kadi ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), mwenye CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) na asiye na kadi yoyote wanapanga foleni moja.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Watu wakisikia kwamba methadoni "haipo kwenye bima", wanaelewa kwamba bima imeikataa. Maelezo yake huonekana yana mantiki kabisa: uraibu ni ugonjwa wa kujitakia, mfuko haulipii mambo ya kujitakia, basi familia ijifunge mkanda. Wengi tumeliamini hilo kwa muda mrefu, na lina madhara. Kuna ndugu wanaosubiri mgonjwa apate ajira yenye bima ndipo aanze tiba, na kuna wanaoficha uraibu kwa daktari wakidhani ukiandikwa kwenye faili kadi itafungwa. Wengine huuza kiwanja ili walipe mahali pa kumweka, kumbe dirisha la bure liko mjini na liko wazi kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo.

Ili bima ikatae kitu, kwanza lazima idaiwe. Tazama jinsi kadi inavyofanya kazi hospitalini. Mapokezi wanaihakiki. Daktari anakuona, kila kipimo na kila kidonge kinaandikwa kwenye fomu ya madai pamoja na bei yake, nawe unasaini. Kituo kinakusanya fomu hizo na kuzipeleka kwenye mfuko, mfuko unazikagua kwa kuzilinganisha na kitita cha mafao, kisha unalipa au unakata. Methadoni haipiti njia hiyo hata hatua moja. Hospitali haikuinunua kwa mapato yake, haikuiwekea bei, kwa hiyo haina cha kumdai mtu. Hakuna fomu, na pasipo fomu hakuna wa kukubali wala wa kukataa.

Mfano wa karibu zaidi ni dawa za kifua kikuu. Mtu mwenye bima nono kuliko zote nchini akiugua TB hapewi ankara ya vidonge vile. Anavipata bure kupitia mpango wa taifa, kama mtoto anavyopata chanjo na kama anayeishi na VVU anavyopata ARV. Hakuna anayesema bima imekataa TB. Methadoni imo kwenye kapu hilo hilo. Ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na tangu mwanzo ilipangwa kama huduma ya afya ya jamii: anayeacha kujidunga anaacha pia kuchangia sindano, na sindano ya kuchangia ni njia nyepesi ya kupitisha VVU na homa ya ini. Faida inamfikia hata jirani ambaye hajawahi kuuona unga.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na soba hausi, nyumba ambako waraibu hukaa ili waache. Hizo hutoza ada ya mwezi, na nyingi hazitumii dawa kabisa. Mtu anakaa mbali na unga kwa kusaidiwa na wenzake. Familia iliyozoea kulipa huko huja hospitali na fedha mkononi.

Sehemu nyingine inatokana na kusoma habari za Marekani kwenye simu. Kule bima ndiyo kila kitu, na vita vya wagonjwa kupata idhini ya bima kabla ya kupewa dawa ni vya kweli. Lakini hata kule methadoni ilichelewa sana kuingia kwenye bima. Madaktari wa New York walianza kuitumia kutibu uraibu wa heroini katikati ya miaka ya 1960, ila Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilianza kulipia kliniki za methadoni Januari 1, 2020. Medicaid, ya watu wa kipato cha chini, ililazimishwa kisheria katika majimbo yote kuanzia Oktoba mwaka huo huo. Cha kuvutia zaidi ni namna Medicare inavyolipa: hailipi kila kikombe, inalipa fungu la wiki nzima. Kwa nini wiki? Jibu limo ndani ya dawa yenyewe, na ndilo linaloeleza pia kwa nini haikai vizuri kwenye kadi ya hapa kwetu.

Chukua pipa lenye tundu dogo chini. Kila asubuhi unamimina ndoo moja, na kila baada ya saa 24 nusu ya maji yaliyomo huwa yameshavuja. Methadoni mwilini inakwenda karibu hivyo. Muda wa kupungua kwa nusu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, ila saa 24 hadi 36 ndiyo hali ya kawaida. Tuhesabu kwa saa 24 na dozi ya miligramu 20. Siku ya kwanza pipa lina 20. Kesho yake zimebaki 10, unaongeza 20, zinakuwa 30. Siku ya tatu 35, ya nne 37.5, na baada ya hapo maji hupanda kidogo kidogo kuelekea 40 na kutulia. Dozi haikubadilika, lakini kilichomo mwilini kimekaribia kuwa maradufu.

Pipa hilo linaeleza mambo mengi ambayo wagonjwa huyalalamikia. Linaeleza kwa nini kliniki huanza na miligramu 10 hadi 30 tu, hata kama mgonjwa anaapa kwamba hazimtoshi. Ni kweli hazimtoshi siku ya kwanza. Ila akipewa 60 kwa kuhurumiwa, siku ya tatu au ya nne anaweza kulala na pumzi ikakatika. Ndiyo maana dozi hupandishwa kwa miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, mpaka afike panapomtuliza, kwa wengi kati ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, haiishi yote. Anayeongezea unga, gongo au vidonge vya usingizi kipindi hicho anajaza pipa kwa ndoo mbili.

Linaeleza pia kwa nini utakosa siku moja ukavumilia, lakini ukikosa tatu mfululizo dozi hupunguzwa kabla ya kuendelea, na ukizidisha tano kwa kawaida unaanza upya. Pipa limeshakauka na mwili umepoteza uzoefu. Dozi ya jana ya miligramu 90 sasa ni hatari kwa mtu yule yule. Kliniki inapofanya hivyo haimwadhibu mgonjwa. Inamlinda asife.

Heroini yenyewe ni pipa lenye tundu kubwa. Ndani ya saa nne hadi sita linakuwa limekwisha, arosto inapiga hodi, na siku nzima inaishia kwenye kutafuta kete nyingine. Methadoni hukaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, lakini inavuja taratibu kiasi kwamba mtu anaweza kunywa asubuhi, akaenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kupakia dagaa mpaka jioni, akalala, akaamka bado yuko sawa.

Sasa rudi kwenye fomu ya madai. Tiba hii ni kikombe kimoja kila siku, mbele ya macho ya mtoa dawa. Mgonjwa anasogea dirishani, anatambuliwa kwa jina na picha, dozi inapimwa na kuchanganywa na maji au juisi, anakunywa palepale, kisha anatakiwa kusema maneno mawili matatu au kunywa maji ili ijulikane amemeza. Hiyo ni mara 365 kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja. Ukiipitisha kwenye kadi una uhakiki 365, saini 365 na madai 365 ya kukagua, kwa kitu chenye thamani ndogo kila mara. Gharama ya karatasi ingeimeza gharama ya dawa.

Kuna jambo la ndani zaidi pia. Bima ni kama chama cha kufa na kuzikana cha mtaani. Wengi wanachangia, msiba unamfika mmoja, mfuko unatoa. Chama kinadumu kwa sababu hakuna anayejua msiba ni wa nani na lini. Mtu akija akasema "mimi nitahitaji kila siku, kwa miaka, na mchango sina", chama hakiwezi kumbeba hata kama kila mwanachama anamwonea huruma. Wengi wanaofika kwenye dirisha la methadoni wamefika wakiwa wameshapoteza kazi, kadi na mara nyingine hata makazi. Kusema wapate kwanza bima ni kuwafungia mlango wale waliokusudiwa.

Na kuna sheria za udhibiti. Methadoni iko kwenye orodha ya Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa 1961. Kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na kila miligramu inayoingia lazima ionekane imekwenda wapi. Dawa ya namna hiyo haiwezi kuachwa kwenye rafu ya duka la dawa ikisubiri mtu mwenye kadi. Wakati huo huo, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Inabanwa kama dawa ya kulevya na inahesabiwa kama dawa ya lazima, yote mawili kwa wakati mmoja.

Bure hii ina anayeilipia: serikali, na kwa sehemu wafadhili wa nje wa programu za UKIMWI. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, huduma nyingi za aina hii barani Afrika zilitikisika. Fedha ya programu inaweza kukatika kwa uamuzi wa mbali. Fedha ya bima hukatika usipochangia. Kila njia ina udhaifu wake.

Kwa mgonjwa, gharama halisi ni nauli. Dozi ya bure ya kila siku ni safari ya kila siku, kwenda na kurudi, toka Kisesa au Nyegezi. Anayetoka Ukerewe hawezi kabisa: meli toka Nansio huchukua saa tatu hivi kwa upande mmoja, kwa hiyo itabidi akae mjini angalau miezi ya mwanzo. Familia inayotaka kuchangia kitu, ichangie hapo. Dozi za kwenda nazo nyumbani hutegemea uamuzi wa kliniki na hufikiriwa kwa aliyetulia, si kwa mgeni.

Kadi basi ni ya nini? Ni ya yote mengine: jipu la sindano kwenye kinena, kipimo cha moyo, matibabu ya ini, kujifungua, malaria ya mtoto. Ulipiaji hufuata mafao ya mfuko wako, kama kwa mwanachama yeyote. Anayejiunga sasa chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ajiunge kwa ajili ya hayo, na kuwa kwenye methadoni kusimfanye aiache kadi nyumbani.

Hapa pana shimo ambalo watu wengi hawalioni. Kwa kuwa methadoni haizai dai, haionekani kwenye kumbukumbu za bima. Daktari wa dirisha la kadi, pengine hospitali nyingine kabisa, anamwona mgonjwa kama mtu asiyetumia dawa yoyote. Akimwandikia tramadoli ya maumivu au diazepamu ya usingizi, anaongeza hatari ya kushindwa kupumua. Flukonazoli ya fangasi huziba tundu la pipa, dawa ikajaa. Karbamazepini ya kifafa hulipanua. Sindano ya pentazosini ya maumivu huiondoa methadoni kwenye vipokezi na kumtupa mgonjwa kwenye arosto kali ndani ya dakika chache.

Inayosumbua zaidi ni rifampisini, dawa kuu ya TB, kwa sababu TB na uraibu hukutana mara kwa mara. Inalifanya ini liichome methadoni kwa kasi. Wiki ya kwanza au ya pili mgonjwa anaanza kutokwa jasho usiku, kuharisha, kukosa usingizi. Nyumbani wanasema amerudia unga. Yeye mwenyewe, akiona dozi haimfai tena, huishia kuurudia kweli. Kumbe alichohitaji ni dozi kupandishwa. Na TB ikiisha, miezi sita baadaye, rifampisini ikikoma ini hurudi kwenye mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa sasa imezidi. Lazima ishushwe, na anayepaswa kukumbushia ni mgonjwa au ndugu yake, maana kliniki ya TB na dirisha la methadoni kila moja lina daftari lake.

Kwa hiyo kwenye mkoba ule ule wa kadi, weka kikaratasi chenye mambo manne: methadoni, kiasi cha dozi, tarehe ya kikombe cha mwisho, namba ya simu ya kliniki. Mpe daktari kabla hajashika kalamu. Na ukisafiri, tuseme kwa basi kwenda Dar es Salaam, waambie kliniki siku kadhaa kabla wakuandikie barua ya uhamisho wa muda yenye dozi na tarehe hiyo. Bila barua, kliniki ya huko haina namna ya kujua pipa lako lina kiasi gani, na itakuanzisha chini.