Fataki ya magnum haimuui nyati

Kila msimu wa uwindaji ukifunguliwa Julai naletewa habari ile ile: "Mzee, mgeni wangu anajitengenezea risasi mwenyewe huko kwao Marekani. Ameweka fataki za magnum, nyati hachomoki." Jamani! Fataki, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda kinachogongwa na pini, inawasha baruti, basi. Njiti nene ya kiberiti haiongezi kuni.

Fataki ya magnum hutoa moto mwingi zaidi, na wa muda mrefu kidogo, kwa ajili ya ganda kubwa lenye baruti nyingi inayoungua taratibu. Federal 215, mojawapo ya fataki hizo, ilitengenezwa kwa sababu ya .378 Weatherby, ganda linalomeza baruti kupita kiasi. Anayeitumia kwenye .375 H&H sibishani naye. Kwenye .308, ganda dogo zaidi, unatafuta nini? Tena viwanda havina mstari mmoja: boksi la fataki za Winchester WLR linasema zinafaa mizigo, yaani vipimo vya baruti, ya kawaida na ya magnum.

Ukibadili fataki, hata kampuni tu, unapunguza baruti kisha unaiongeza upya kidogo kidogo. Hilo halina mjadala.

Linalonichosha zaidi ni wasomaji wa vitako vya maganda. Mtu anaokota ganda, anaitazama fataki, anatoa hukumu: "Imekuwa bapa, presha kubwa." Huenda. Lakini vikombe vya fataki za Federal kwa kawaida ni laini kuliko vya kampuni ya CCI, kwa hiyo mzigo ule ule kwenye bunduki ile ile unaweza kuibondea ya kwanza na kuiacha ya pili na kingo zake za mviringo. Chemba ikiwa na nafasi iliyozidi, fataki inasukumwa nyuma kwanza, halafu ganda linarudi kuigandamiza kwenye uso wa bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Inatoka bapa kama sarafu, na presha ilikuwa ya kawaida kabisa. Kibaya zaidi ni kinyume chake: kikombe kigumu kinakuonyesha sura nzuri wakati presha imeshavuka mpaka. Mimi naanza na mkono wa bolti. Ukitaka kupigwa kiganja ndipo unyanyuke, hapo hatufyatui nyingine, fataki iwe na sura yoyote.

Halafu kuna jua letu. Baruti nyingi hupandisha presha zikipata joto. Mzigo uliopimwa Montana kwenye baridi, ukalala juu ya dashibodi ya Land Cruiser njia ya Sikonge mwezi Oktoba, umeshakuwa mzigo mwingine. Hapo fataki kali haina baridi ya kupambana nayo. Inakwenda kuongeza moto juu ya joto.

Kuna bunduki inayopiga matundu yanayogusana kwa fataki za CCI 200, na pacha wake wa kiwanda hicho hicho anatawanya. Maelezo nimeyasikia mengi, mengine ya kitaalamu sana, na hakuna hata moja lililoniridhisha.

Wageni wakifika, risasi zikae kisandukuni, kivulini. Za kwanza zipigwe kwenye karatasi, nikiwa nimeushika mkono wa bolti mimi mwenyewe. Habari za nyati baadaye.